Bingwa ni Nani? Kriketi ya Wanawake kutoka Birmingham hadi Kigali



Mwalimu wa Kiswahili aliyeko Gitega au Muyinga hapati taabu kutafuta habari za michezo za kusomesha darasani. Kandanda imejaa magazetini na redioni, na wanafunzi wanalifahamu jambo lenyewe kabla hawajalifahamu neno lake. Ukisema "penalti", hakuna anayeuliza. Taabu huanza pale gazeti la Dar es Salaam au la Nairobi linapoandika kwamba timu ya taifa ya kriketi ya wanawake imetwaa ubingwa "kwa wiketi sita". Hapo mwalimu hufunua ukurasa wa pili, na habari hiyo hupita bila kusomwa.

Ni hasara, kwa sababu habari hiyo inawahusu majirani zetu. Katika mashindano ya kimataifa ya wanawake yanayofanyika Kigali, Tanzania imewahi kuwa bingwa, Kenya imewahi kuwa bingwa, na Rwanda yenyewe imewahi kuwa bingwa. Mwanafunzi wa Muyinga anayevuka mpaka wa Kobero kwenda Kabanga kwa shangazi yake anaingia katika nchi ya mabingwa bila kujua. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mabingwa wa mchezo huu walivyopatikana tangu mwanzo, na kuonyesha jambo moja ambalo orodha za washindi hulificha: ili mtu awe bingwa, hatoshi kushinda, ni lazima pia mchezo wake uwe umehesabiwa.

Mchezo kwa maneno machache

Timu mbili za wachezaji 11 hukutana. Timu moja hupiga, nyingine hurusha mpira na kudaka. Nyuma ya mpigaji vimesimikwa vijiti vitatu ambavyo huitwa wiketi. Mrushaji anataka kuviangusha. Mpigaji, akiwa na gongo bapa mkononi, anavilinda na wakati huohuo anajaribu kuupiga mpira mbali ili apate nafasi ya kukimbia kutoka upande mmoja hadi upande wa pili. Kila akifika, timu yake imepata mkimbio mmoja. Mpira ukivuka mpaka wa uwanja kwa kubingirika, timu inapewa mikimbio 4. Ukivuka hewani bila kugusa ardhi, 6. Mirusho sita halali hufanya ova moja.

Neno "wiketi" lina maana mbili, na hapa ndipo wasomaji wengi hupotea. Maana ya kwanza ni vile vijiti. Maana ya pili ni kutoka kwa mpigaji: mpigaji mmoja akitolewa, tunasema wiketi moja imeanguka. Zikianguka 10, timu imekwisha, kwa kuwa wa kumi na moja hana mwenzake wa kukimbia naye.

Kwa hiyo matokeo huandikwa kwa namna mbili. Timu iliyotangulia kupiga ikishinda, tofauti huhesabiwa kwa mikimbio. Iliyopiga baadaye ikishinda, inakuwa imeshaipita hesabu ya wenzake kabla wapigaji wake hawajaisha. Basi husemwa imeshinda kwa wiketi zilizobaki. West Indies walipoishinda Australia kwa wiketi 8 mwaka 2016, maana yake ni kwamba walifikia lengo huku wapigaji wawili tu wakiwa wametolewa. Ukilielewa hili, ile habari ya gazeti si fumbo tena.

Ubingwa wa kwanza: jedwali badala ya fainali

Wanawake walicheza mechi yao ya kwanza ya kimataifa ya siku nyingi mwezi Desemba 1934 huko Brisbane, Australia, dhidi ya Uingereza. Lakini mashindano ya kumpata bingwa wa dunia yalisubiri hadi mwaka 1973, na jambo ambalo hata wapenzi wa kriketi husahau ni kwamba wanawake ndio waliotangulia. Kombe la Dunia la wanaume lilianza mwaka 1975, yaani miaka miwili baadaye.

Aliyelisukuma jambo hilo ni Rachael Heyhoe Flint, nahodha wa Uingereza, na aliyetoa fedha ni tajiri Jack Hayward, pauni 40,000. Timu zilikuwa saba, na ukizitazama leo utaona mchanganyiko wa ajabu: Uingereza, Australia, New Zealand, Jamaika, Trinidad na Tobago, timu ya vijana wa Uingereza, na timu ya mchanganyiko wa wachezaji wa mataifa mbalimbali. Jamaika na Trinidad zilikuja kila moja kwa jina lake, si chini ya mwamvuli wa West Indies kama ilivyozoeleka. Wachezaji wa Afrika Kusini walikuwa wamealikwa katika ile timu ya mchanganyiko, kisha mwaliko ukaondolewa kwa sababu ya siasa ya ubaguzi wa rangi ya nchi yao.

Hapakuwa na fainali. Kila timu ilicheza na kila timu, na pointi zikajumlishwa. Kwa bahati, mechi ya mwisho, tarehe 28 Julai 1973 katika uwanja wa Edgbaston mjini Birmingham, iliwakutanisha wenyeji na Australia, na Australia walikuwa mbele kwa pointi moja. Uingereza walipiga kwanza wakapata mikimbio 279 kwa wiketi 3 katika ova 60. Enid Bakewell peke yake alipata 118. Australia waliishia 187. Binti wa Malkia, Anne, akamkabidhi Heyhoe Flint kombe.

Msomaji ataona kwamba mechi ile haikuchezwa Lord's, uwanja wa London ambao watu wa kriketi huuona kama hekalu lao. Wanawake hawakuruhusiwa kucheza pale hadi mwaka 1976. Bingwa wa kwanza wa dunia wa kriketi, mwanamke, alipatikana wakati mlango wa nyumba kuu ya mchezo huo ukiwa bado umefungwa kwake. Klabu inayomiliki uwanja huo ilianza kupokea wanachama wanawake mwaka 1999, na Heyhoe Flint alikuwa miongoni mwa wa kwanza.

Australia, na waliothubutu

Baada ya hapo historia inakuwa nyepesi kuhadithia kwa sababu jina moja linarudi mara kwa mara. Mwaka 1978 mashindano yalifanyika India, timu nne tu, bila fainali, na Australia wakawa bingwa. Fainali ya kwanza iliwekwa mwaka 1982 huko New Zealand: Australia tena. Mwaka 1988, nyumbani kwao: Australia tena. Uingereza waliukatiza mfululizo huo mwaka 1993 walipoishinda New Zealand, safari hii Lord's. Mwaka 1997 kombe likarudi Australia.

Fainali ya mwaka 2000 yafaa kukumbukwa peke yake. New Zealand, wenyeji, walipata mikimbio 184. Australia wakatolewa wote kwa 180. Tofauti ya minne. Ndiyo mara pekee New Zealand wamekuwa mabingwa katika mashindano hayo marefu. Australia walilipata tena kombe mwaka 2005, Uingereza mwaka 2009, Australia mwaka 2013.

Kisha ikaja fainali ya mwaka 2017, Lord's, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayofaa zaidi kusimuliwa darasani, kwa sababu ina mgeuko wa hadithi. Uingereza walipata 228. India walifika 191 huku wapigaji watatu tu wametoka. Mikimbio 38 ilibaki, na kila mtu uwanjani aliamini kazi imekwisha. Ndipo mrushaji Anya Shrubsole alipoanza kuwatoa mmoja baada ya mwingine. Wiketi saba za mwisho zilianguka kwa mikimbio 28, India wakaishia 219. Shrubsole alichukua wiketi 6. India walirudi nyumbani bila kombe, lakini watu wao walikuwa wameiona mechi ile kwenye televisheni, na tangu siku hiyo kriketi ya wanawake nchini mwao haikuwa tena jambo la pembeni.

Malipo yalichukua miaka minane. Mwaka 2022 Australia walikuwa mabingwa mara nyingine, Alyssa Healy akipiga 170 kwenye fainali dhidi ya Uingereza. Tarehe 2 Novemba 2025, mjini Navi Mumbai, India chini ya nahodha Harmanpreet Kaur waliishinda Afrika Kusini kwa mikimbio 52 na kuwa mabingwa kwa mara ya kwanza. Hesabu ya mashindano 13 tangu mwaka 1973 hadi 2025 ni hii: Australia 7, Uingereza 4, New Zealand 1, India 1.

Sambamba na hayo, tangu mwaka 2009 kuna Kombe la Dunia la mchezo mfupi, ova 20 kwa kila timu. Uingereza walichukua la kwanza. Katika mashindano tisa ya kwanza, hadi 2024, Australia walishinda sita. West Indies walipata lao mwaka 2016 na New Zealand mwaka 2024. Fainali ya mwaka 2020 mjini Melbourne, iliyochezwa tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, ilihudhuriwa na watazamaji 86,174.

Msomaji wa Afrika atauliza: na sisi? Afrika Kusini walifika fainali ya mchezo mfupi mwaka 2023, nyumbani kwao Cape Town, wakashindwa na Australia. Mwaka 2024, Dubai, wakashindwa na New Zealand. Mwaka 2025, kwenye mashindano marefu, wakashindwa na India, ingawa nahodha wao Laura Wolvaardt alipiga 101. Fainali tatu katika miaka mitatu, na mara zote washindi wa pili. Hakuna timu ya wanawake ya bara hili iliyowahi kufika hapo kabla yao.

Kigali, jirani yetu

Sasa tusogee nyumbani. Kriketi ni mchezo uliosafiri na dola la Waingereza, na kwa hiyo Kenya, Uganda na Tanganyika ziliupata mapema, ilhali Burundi na Rwanda, chini ya Wabelgiji, hazikuupata. Rwanda iliupokea baada ya mwaka 1994, kwa mikono ya watu waliorejea kutoka ukimbizini Uganda, Kenya na Tanzania, ambako walikuwa wameucheza shuleni. Uwanja wao wa mwanzo ulikuwa Kicukiro, katika shule ya ufundi ambako maelfu ya watu walikimbilia mwezi Aprili 1994, wakaachwa na askari wa Umoja wa Mataifa, na wengi wao wakauawa. Uwanja wa Gahanga, nje kidogo ya Kigali, ulifunguliwa mwaka 2017.

Mwaka 2014, miaka ishirini baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Rwanda ilianzisha mashindano ya wanawake ya ova 20 kwa kumbukumbu ya waliouawa. Yanaitwa Kwibuka. Mwanafunzi wa Gitega hahitaji kamusi hapo: kwibuka ni kukumbuka, kwa Kirundi kama kwa Kinyarwanda. Anayehitaji kuelezwa ni msomaji wa Tanga au Mombasa, ambaye masikioni mwake neno hilo linafanana na "kuibuka", yaani kutokeza, kujitokeza juu. Na kwa kuwa waandishi wa michezo wa Kiswahili hupenda kusema timu "imeibuka bingwa", utakutana na sentensi kama "Tanzania yaibuka bingwa wa Kwibuka", ambayo masikioni inachezesha maneno mawili yasiyo na undugu wa maana. Mara chache mwanafunzi wa Burundi huwa na la kumfundisha mwenzake wa pwani, hapa analo.

Mwaka 2019 bingwa alikuwa Tanzania. Mwaka 2021 Kenya, iliyoishinda Namibia kwenye fainali. Mwaka 2022 Tanzania tena, safari hii ikiishinda Kenya, katika mashindano yaliyozileta Kigali hata Brazil na Ujerumani. Mwaka 2023, Rwanda wenyewe waliishinda Uganda na kulichukua kombe lao kwa mara ya kwanza. Mwanzoni mwa mwaka huohuo wasichana wa Rwanda wasiozidi miaka 19 walikuwa wamecheza Kombe la Dunia la umri wao nchini Afrika Kusini, mara ya kwanza kwa Rwanda kushiriki mashindano ya dunia ya kriketi ya ngazi yoyote. Waliishinda Zimbabwe, Henriette Ishimwe akiwatoa wapigaji wanne kwa mirusho minne mfululizo, kisha wakaishinda West Indies. Ubingwa ulikwenda India, lakini ushindi ule wa pili ulikuwa dhidi ya nchi ambayo wanawake wake wazima wamekwisha kuwa mabingwa wa dunia.

Mikimbio sita ya Mali

Hapa narudi kwenye suala la kuhesabiwa. Kabla ya tarehe 1 Julai 2018, mechi kati ya nchi kama Tanzania na Uganda zilichezwa, zilikuwa na waamuzi, zilikuwa na washindi, lakini katika vitabu vya Baraza la Kimataifa la Kriketi hazikuwa mechi za kimataifa zenye hadhi kamili. Takwimu zake hazikuingia pamoja na za Australia na Uingereza. Tarehe hiyo Baraza lilitoa hadhi kwa mechi zote za ova 20 za wanawake kati ya nchi wanachama. Mechi hazikubadilika, kilichobadilika ni daftari.

Tarehe 18 Juni 2019, kwenye mashindano ya Kwibuka, Mali walicheza na Rwanda. Mali walitolewa wote kwa mikimbio 6. Kati ya hiyo, mmoja tu ulipatikana kwa gongo. Mitano iliyobaki haikutokana na gongo. Rwanda walimaliza kazi kwa mirusho minne. Siku zilizofuata mambo yalizidi: Uganda waliwapiga Mali 314 wakawatoa kwa 10, Tanzania wakapata 285 na Fatuma Kibasu peke yake akafikisha 108 bila kutolewa, kisha Mali wakaishia 17.

Habari ya mikimbio sita ilienea dunia nzima kwa saa chache. Ilichapishwa kama kichekesho katika magazeti ambayo hayakuwahi, kabla wala baadaye, kutaja jina la mchezaji hata mmoja wa Tanzania. Siku chache baadaye mashindano yalipokwisha na Tanzania wakawa mabingwa bila kupoteza mechi, magazeti hayohayo yalikaa kimya. Waulize wafuatiliaji wa kriketi wa Ulaya ni nani aliyekuwa bingwa wa Kwibuka mwaka 2019, na wachache watajibu. Waulize ni nani aliyepata mikimbio sita, na wengi watajibu.

Lakini tulitazame jambo hilo kwa makini. Kama mechi ile ingechezwa mwaka mmoja na nusu kabla, isingeingia katika rekodi yoyote. Ile sheria ya mwaka 2018 iliyowaandika Mali kwenye daftari la aibu ndiyo hiyohiyo iliyomwandika Kibasu kwenye daftari la waliopata mikimbio mia moja katika mechi ya kimataifa. Haiwezekani kulipenda jambo la pili na kulikataa la kwanza. Kwa maoni yangu Mali hawakupaswa kuonewa huruma wala kuchekwa: nchi inayozungumza Kifaransa, isiyo na mazoea ya mchezo huu, ilipeleka wasichana umbali wote ule kucheza na majirani wenye uzoefu wa miaka mingi. Rwanda nayo ilianza bila mazoea; ilipata tu muda wa kujifunza kabla macho ya dunia hayajaelekezwa uwanjani.

Lugha ya Kiswahili ina neno linalofaa hapa. "Mali yashindwa" yaweza kumaanisha kwamba Mali imeshindwa na mtu, yaani mwingine ameshinda. Na yaweza kumaanisha kwamba imeshindwa kufanya jambo, yaani haikuweza. Kirundi kina "gutsinda" na "gutsindwa", ndugu wa damu wa maneno hayo, na wanafunzi wetu huyatumia vizuri katika maana ya kwanza. Mtihani nao "hutsindwa" kwa wasiofaulu. Mwalimu awaulize: magazeti ya dunia yaliandika habari ya Mali kwa maana ipi?

Maneno yanayosumbua

Bingwa. Asili yake si kombe. Bingwa ni mtu hodari katika kazi yake, ndiyo maana tunasema "daktari bingwa" bila kufikiria medali. Magazeti ya michezo yalilichukua likabana maana yake kuwa mshindi wa mashindano. Wingi ni mabingwa, na aliyeshinda awali akarudi kuutetea ubingwa wake ni "bingwa mtetezi". Neno halibagui jinsia, na hili ni jambo la kushukuru. Mwanafunzi aliyezoea Kifaransa hutafuta umbo la kike na hulikosa. Kwa hiyo huandika "bingwa wa kike", na mara nyingi "wa kike" haihitajiki. Rachael Heyhoe Flint alikuwa bingwa wa dunia, basi.

Kombe. Anayefikiri kwa Kirundi, ambamo "igikombe" ni neno moja kwa chombo cha kunywea na zawadi ya uwanjani, huandika "kikombe cha dunia". Kwa Kiswahili sanifu kikombe ni cha chai. Cha mashindano ni kombe, katika ngeli ya LI-YA: Kombe la Dunia, makombe saba ya Australia.

Mikimbio. Wapo wanaosema "mbio". Kisarufi si kosa, lakini "mbio 52" huleta picha ya mashindano ya riadha. "Mkimbio mmoja, mikimbio 52" hufuata ngeli ya U-I na huhesabika bila utata. Magazeti ya Tanzania yamelizoesha neno hili, nami napendekeza tulifuate. "Wiketi" na "ova" zimebaki zilivyo, ngeli ya I-ZI: wiketi moja imeanguka, wiketi tatu zimeanguka.

"Kwa." Kihusishi hiki kidogo hubeba mzigo wote wa matokeo. Katika "279 kwa wiketi 3" kinaeleza wapigaji waliokwisha kutoka. Katika "imeshinda kwa wiketi 3" kinaeleza wapigaji walikuwa wamebaki wangapi. Mwanafunzi asipooneshwa tofauti hii ataelewa kinyume, na si kosa lake.

Na Burundi?

Jina la Burundi halimo katika orodha yoyote ya mabingwa iliyotajwa hapo juu. Uwanja wa Ingoma pale Gitega ni wa kandanda, na wasichana wa shule zetu hucheza kandanda, mpira wa mikono na wa kikapu. Katika kandanda, lakini, wanawake wa Burundi wamekwisha kuonja fainali ya kimataifa. Tarehe 11 Juni 2022, huko Njeru nchini Uganda, walicheza fainali ya mashindano ya CECAFA wakashindwa na wenyeji 3 kwa 1. Mwezi uliofuata walikuwa Morocco kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Walipoteza mechi zote tatu: dhidi ya Botswana, Afrika Kusini na Nigeria. Afrika Kusini ndiyo iliyoondoka na kombe.

Kwa walimu wanaotaka kuanza, nashauri habari ya fainali ile ya Njeru isomwe kwanza, kisha ya fainali ya Kwibuka ya mwaka 2023. Ya kwanza wanafunzi wataisoma wenyewe. Ya pili wachorewe ubaoni vijiti vitatu, mpigaji na mrushaji, halafu waombwe kuandika upya sentensi moja kwa upande wa Rwanda na kwa upande wa Uganda: nani aliishinda nchi ipi, nani alishindwa na nani. Darasa la Muyinga, lililo karibu na mipaka ya Rwanda na Tanzania, lina faida zaidi. Wapo wenye ndugu pande zote, na kila mmoja atachagua upande wake kabla ya kufungua daftari.